Umewahi kumwona mpiga dramu mzee?

Jumamosi ni siku ya gulio Tengeru, na ukitaka mshare mzuri wa mtori inabidi uwahi kabla jua halijapanda. Nilikuwa nimeinama nachagua mkungu nikasikia naitwa kwa jina la binti yangu wa kwanza. Kuinua kichwa, ni mama wa dogo anayetupigia dramu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Ninyi mnanipotezea mtoto."

Hakusema kwa hasira. Aliendelea kupanga ndizi zake huku anaongea. Kijana yuko chuo cha ufundi, anasomea mitambo, na vipindi vya Jumatatu asubuhi vinampita kwa sababu Jumapili tunapiga hotelini hadi usiku mwingi. Nikaanza yale maneno ya kawaida: mama, mtoto ana kipaji, mtoto ana nidhamu.

Akanikatiza.

"Kipaji nakiona kanisani kila Jumapili, hunielezi wewe. Nakuuliza jambo moja tu. Waimbaji wazee nimewaona. Wapiga gitaa wazee nimewaona. Umewahi kumwona mpiga dramu mzee?"

Nikacheka kidogo. Nikaona yeye hacheki.

"Wanaishia wapi?"

Kwenye daladala

Mimi napiga besi. Miaka yote nimesimama pembeni ya mpiga dramu, karibu kuliko mtu yeyote kwenye bendi. Mguu wake na kidole changu vikipishana, wimbo umekufa, hata kama mwimbaji ana sauti ya malaika. Kwa hiyo lile lilikuwa swali langu kabisa, na sikuwa na jibu.

Njiani kurudi mjini nilimpata mmoja: Bi Kidude. Alipiga msondo kwenye unyago hadi uzeeni kabisa, ngoma kaipanda, imefungwa kiunoni. Furaha yangu haikufika hata Sanawari. Bi Kidude tunamkumbuka kwa sauti yake. Angekuwa mpigaji tu, asiyeimba, nani nje ya waliochezwa naye unyago angemjua?

Nikajaribu upande wa dansi. Muhidin Gurumo aliimba hadi 2013, akafariki mwaka uliofuata, na taifa zima lilijua nani kaondoka. Njoo karibu na nyumbani. Ndugu wa Kinyonga walitoka Tanga, wakaja hapa Arusha mwaka 1970, wakaunda Arusha Jazz, kisha wakavuka kwenda Kenya na kuwa Simba Wanyika. Msomaji wangu anajua gitaa la George, anajua sauti ya Wilson, na hahitaji kuelezwa kwamba "jazz" ya majina ya bendi zetu haikuwa ile ya Wamarekani. Sasa taja aliyekaa nyuma yao na vijiti.

Nimewauliza watu wazima wanaojua muziki. Wanakunja uso, wanaangalia juu, wanasema "ngoja kwanza." Mmoja alinitajia mpiga tumba.

Wiki chache baada ya Tengeru tulipiga kwenye sendi-ofu moja Moshi, upande wa Shanty Town. Mwisho wa shughuli MC akatutambulisha vizuri sana, na mbwembwe zake zote: mwimbaji kwa jina na ukoo, gitaa, kinanda, hata mimi nilipata "mzee wa besi." Halafu: "Na wale wengine wote, makofi kwao!"

Wale wengine wote alikuwa mtu mmoja.

Jabali

Ndipo nikarudi kwa Billy Hart, mpiga dramu wa jazz wa Marekani. Nilikuwa namsikiliza kwa miaka, lakini kwa masikio ya mpiga besi, yaani kumchungulia alivyoishi na mabesi wenzangu. Safari hii nilimsoma kwa masikio ya yule mama.

Alizaliwa Washington tarehe 29 Novemba 1940. Mama zetu wa Meru na Uchagani hapa watashika kichwa: alikuwa anasomea uhandisi wa mitambo Chuo Kikuu cha Howard, akaacha ili azunguke na Shirley Horn, mwimbaji aliyejipigia piano mwenyewe. Mji ule ulikuwa umejaa wanamuziki wa kiwango cha juu wasioacha kazi zao za mchana. Buck Hill, mpiga saksafoni hodari aliyefanya kazi na Hart tangu mapema, alikuwa mtu wa posta. Mchana anasambaza barua, usiku anapuliza. Mpiga gitaa wetu ni fundi umeme, kwa hiyo hilo sikuhitaji kufafanuliwa.

Orodha ya waajiri wa Hart inachosha kuisoma. Katikati ya miaka ya sitini yuko na Jimmy Smith, mpiga ogani, ambaye besi alijipigia mwenyewe kwa mkono wa kushoto na miguu (bendi isiyo na kazi yangu, na bado naipenda). Anatoka hapo anaingia kwa mpiga gitaa Wes Montgomery hadi Wes anafariki mwaka 1968. Anahamia New York. Mwaka 1970 anajiunga na kundi la watu sita la mpiga piano Herbie Hancock.

Kundi lile lilijipa majina ya Kiswahili. Yalitoka kwa James Mtume, kijana wa vuguvugu la Weusi lililokuwa limeshamiri California. Hancock akawa Mwandishi. Buster Williams wa besi, Mchezaji. Eddie Henderson wa tarumbeta, aliyekuwa daktari kweli, akawa Mganga. Bennie Maupin akawa Mwile, Julian Priester akawa Pepo Mtoto, na hapo msomaji wa Kiswahili atabasamu, ni haki yake. Hart akawa Jabali. Zilikuwa zama ambazo Weusi wa Marekani walitazama huku kwetu. Azimio la Arusha lilikuwa na miaka mitatu tu. Pete O'Neal, mwanaharakati wa chama cha Black Panther kutoka Kansas City, alifika Tanzania mwaka 1972 na makazi yake akayaweka Imbaseni, si mbali na lile gulio la Tengeru. Kwa hiyo kwetu hapa majina haya si ya mbali sana.

Lakini kilichonishika si majina yenyewe. Ni jambo lililotokea tarehe 31 Desemba 1970, siku waliporekodi albamu yao ya kwanza, San Francisco. Wimbo wa kwanza una mzunguko wa mapigo 15, mguu hauna pa kutua, na Hart hayuko peke yake. Pembeni yake kuna mpiga dramu wa pili, kijana wa miaka 18 anayeitwa Leon Chancler. Naye alipewa jina. Akaitwa Ndugu, na jina likamganda maisha yote.

Miaka kumi na kitu baadaye, Ndugu Chancler ndiye aliyepiga dramu za "Billie Jean" ya Michael Jackson.

Kwa hiyo kila mtu wa rika langu aliyewahi kuingia disko, Arusha, Moshi, popote, amecheza kwa mkono wa Ndugu. Yale mapigo ya mwanzo, kabla besi haijaingia, kabla mtu hajaimba chochote, na tayari watu wameshasimama. Jina lake limeandikwa kwa lugha yetu wenyewe. Na hatukulijua.

Mwaka 1973

Hapa ndipo niliposita.

Kundi la Mwandishi lilisifiwa na wanamuziki, ila fedha haikuingia. Mwaka 1973 Hancock akalivunja. Akamwacha Maupin peke yake abaki, akakusanya watu wapya, na kwenye dramu akamweka Harvey Mason. Albamu waliyoitoa mwaka uleule iliuza zaidi ya nakala milioni moja.

Weka kiti chako hapo alipokaa Hart. Miaka mitatu ya kupanda jukwaani usiku kwa usiku na muziki mgumu usiolipa. Halafu bosi anabadilisha mtindo, anabadilisha watu, na mara tu umeondoka, hela inaingia. Una miaka 32. Kuna kijana aliyezaliwa miaka mitano baada yako, Tony Williams, ambaye mpiga tarumbeta Miles Davis alimchukua akiwa na miaka 17 na tayari amebadilisha namna dunia nzima inavyopiga toazi. Wewe si nyota wa jana wala wa leo.

Nimekaa na hilo sana kwa sababu nimeliona hapa kwetu, kwa kipimo chetu. Bendi ikikosa fedha, wa kwanza kupunguzwa ni dramu. Mwenye kinanda anabonyeza kitufe, mapigo yanatoka yenyewe, hayadai nauli wala chakula cha usiku. Hoteli nyingi za hapa zinafanya hivyo, watu wawili na kinanda, na mgeni anayeondoka alfajiri kwenda Serengeti hajui kilichokosekana. Anataka "Malaika" na juisi ya parachichi.

Hart alifanya nini? Alikwenda kwa McCoy Tyner. Mwaka uliofuata akaenda kwa Stan Getz, akakaa hadi 1977. Tyner anapiga piano kwa nguvu ya kuvunja meza. Getz anapuliza saksafoni laini, karibu ya kunong'ona. Mtu yuleyule, vijiti vilevile. Mwaka huohuo wa 1977 akatoa albamu yake ya kwanza kama kiongozi, ikapita, akarudi kupigia wengine. Inasemwa kwamba amecheza kwenye rekodi zaidi ya 600. Zake mwenyewe ni chache mno ukiziweka pembeni ya hizo.

Kuna siku niliisoma namba hiyo kama ushindi. Siku nyingine niliisoma kama malalamiko.

Polepole

Niseme kidogo kuhusu ufundi, maana bila huo habari hii inakuwa ya kuhurumiana tu.

Dramu za jazz ya kisasa zilianza kubadilika miaka ya arobaini, pale Kenny Clarke na wenzake walipoacha kukanyaga mguu kila pigo na kuupeleka mwendo juu, kwenye toazi la mkono wa kulia. Mguu ukawa huru kusema unachotaka, wakati unaotaka. Kwa mpiga besi hilo lilikuwa tukio kubwa. Sakafu aliyokuwa ameilalia mtu mwingine ikaachwa wazi, sasa ni yako, ibebe.

Dogo wetu ametoka kwaya ya vijana, na huko amefundishwa vizuri. Sebene la kanisani linamtaka mguu usiokosea na matoazi ya mguuni yanayofunga na kufungua kama saa. Anaweza kukimbia dakika ishirini bila kupunguza. Ijumaa tunapopiga kile ambacho meneja anakiita jazz (maana yake muziki wa kulia chakula) ndipo anapoteseka. Namwambia apunguze. Anapunguza sauti, mwendo unabaki palepale. Namwambia apunguze mwendo, anaanza kujaza nafasi kwa vitu vidogovidogo, kwa sababu ukimya unamtisha.

Shirley Horn aliimba polepole kuliko karibu mtu yeyote aliyewahi kusimama na bendi. Kati ya pigo na pigo unaweza kukohoa na kuomba radhi. Hebu fikiria kijana wa Washington aliyekuwa anapigia waimbaji wa soul kama Otis Redding, mikono inawasha, anaambiwa akae ndani ya nafasi ile bila kuijaza wala kuiacha ianguke. Mimi naamini Billy Hart alitengenezwa pale zaidi ya mahali pengine popote. Ukimsikiliza leo, toazi lake halihesabu, linapumua. Mara linaenda mbele kidogo, mara linabaki nyuma, na bado huwezi kupotea. Kwa mpiga besi kazi ile ni hatari tamu.

Mwili unazeeka. Kasi inaondoka, bega linauma, mguu unachoka. Nafasi kati ya mapigo haizeeki. Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba swali la Tengeru lina jibu, ingawa si lile nililotaka kulitoa.

Waliogeuka

Mwaka 2003 likaanza kundi la watu wanne. Piano ni Ethan Iverson, aliyezaliwa 1973, mwaka uleule Jabali alipobaki bila bendi. Saksafoni ni Mark Turner, besi ni Ben Street. Wote wadogo kwake kwa miongo. Iverson alikuwa na mkono mkubwa katika kulikusanya, na baada ya muda jina lililobaki juu likawa la mzee: Billy Hart Quartet. Albamu ya 2006, nyingine 2012, nyingine 2014, nyingine 2025. Serikali ya Marekani ikamtunuku heshima ya Mabingwa wa Jazz ya mwaka 2022. Kitabu cha maisha yake kilitoka 2025. Yeye kasimulia, Iverson kaandika.

Nilipoyapanga hivyo, picha yangu ya mwanzo ikavurugika. Nilikuwa natafuta hadithi ya mvumilivu aliyekula mbivu. Nimezisikia sana hizo, na huwa wanaozisimulia ni viongozi wa bendi wakiwa hawajalipa. Uvumilivu Hart alikuwa nao 1973, na haukumpa bendi. Alikuwa nao 1977, na haukumpa bendi. Kilichobadilika ni kwamba watu waliokaa mbele yake, wenye majina yao tayari, waligeuka nyuma wakasema jina la huyu liende juu na sisi tumpigie.

Na jambo la pili, lisilo na utukufu wowote: alifundisha. Oberlin huko Ohio, New England Conservatory huko Boston. Mshahara, wanafunzi, sababu ya kuamka Jumatatu. Uzee wake umelipiwa na darasa angalau kama ulivyolipiwa na jukwaa. Roy Haynes, mpiga dramu mwenzake, naye alipiga hadharani akiwa amevuka miaka 90. Alifariki Novemba 2024 akiwa na 99. Tony Williams, yule kijana wa ajabu, alifariki 1997 akiwa na miaka 51. Kipaji hakikuwagawia miaka sawa.

Nilichomjibu mama

Nilimwambia ndiyo, wapo wapiga dramu wazee, na mmoja wao aliacha shule ya mitambo kama huyu wako anavyotaka. Sikumficha hilo. Nikamwambia pia kwamba nchi aliyoachia shule ilikuwa na klabu kila mtaa na kampuni za kurekodi, na sisi tuna hoteli zenye kinanda cha kitufe. Kwa hiyo dogo anamaliza chuo. Zamu za Jumapili tumempa mwingine, anapiga Ijumaa na Jumamosi.

Akaniuliza huyo mzee ana watoto wanaomtunza. Nikamwambia ana wanafunzi.

"Si sawa," akasema, na akahamia kwenye bei ya mbolea.

Dogo mwenyewe hakufurahi. Anasema nimekuwa upande wa mama. Pengine. Ila nilipomchezea zile rekodi za polepole alinyamaza, akaomba nimtumie, na Ijumaa iliyofuata kwenye wimbo mmoja, mmoja tu, aliacha pigo likae bila kulifuata. Mwimbaji wetu aligeuka kuangalia kama kuna kitu kimekatika.

Upande wangu nimebadilisha karatasi tunayompa MC. Zamani tuliandika mwimbaji juu na wengine kwa mpangilio wa bahati. Sasa dramu ndiyo ya kwanza, jina na ukoo, kwa herufi kubwa. Mwimbaji hajapenda. Posho nayo tumeisawazisha, na hapo mpiga kinanda ndiye hajapenda, kwa hiyo naandika haya katika hali ya amani ya muda.

Mkitaka kumsikiliza

Msianze na zile za Mwandishi. Majina yatawavuta lakini muziki wenyewe unahitaji usiku mzima na subira. Anzeni na albamu ya quartet ya 2012. Msitafute solo ya dramu. Mfuateni toazi la kulia kutoka mwanzo hadi mwisho wa wimbo mmoja, na mara ya pili msikilize mguu, mhesabu ni mara ngapi anaukanyaga pale mliposubiri aukanyage. Itakuwa mara chache. Wazee wa Kaloleni na Majengo mnaosomewa haya na wajukuu, mkikumbuka nani alikaa nyuma kwenye bendi za ujana wenu, waambieni wajukuu waandike jina hapo chini, hata la utani, hata la kijiweni.

Na tafadhali tumieni spika za maana au hedifoni. Spika ya simu haitoi ngoma ya mguu, wala haitoi besi, na katika hili la pili nakiri nina maslahi.